Kuchagua kigwe cha ndoana kwa uvuvi wa kwenye miamba, matumbawe na mizizi ya mikoko

Katika uvuvi wa mshipi kwenye miamba, sehemu inayoteseka kuliko zote ni ile nusu mita ya mwisho iliyo karibu na ndoana. Hapo ndipo chambo hulala juu ya jiwe, ndipo chewa anapouburuta uzi kwenye mlango wa pango lake, na ndipo meno ya changu yanaposaga. Kipande hicho kifupi, ambacho hapa kitaitwa kigwe cha ndoana kwa kuwa kimesukwa kwa nyuzi nyingi, huchaguliwa kwa vigezo vyake chenyewe, na mtu anaweza kuwa na mshipi mzuri kabisa lakini akaharibikiwa kwa sababu ya kigwe kisichofaa. Mwongozo huu unamlenga mvuvi wa pwani anayevua juu ya matumbawe, kando ya magati ya zamani yaliyoota chaza, au katika hori zenye mikoko. Anayevua sangara kwenye mawe ya Ziwa Victoria naye atakuta mengi yanayomfaa.

Kilo zilizoandikwa hazisemi habari za jiwe

Wanunuzi wengi huangalia kilo au ratili zilizoandikwa kwenye kibandiko, wakachukua uzi wenye namba kubwa zaidi, wakadhani wamemaliza. Namba hiyo hupatikana kwa kuuvuta uzi mpya, uliokauka, usiogusa kitu chochote, mpaka ukatike. Mwambani hali ni tofauti kabisa, kwa sababu uzi huvutwa ukiwa umelowa na huku unasuguliwa na ukingo mkali, na katika hali hiyo kinachouokoa ni unene wake kwanza, kisha namna ulivyosukwa, kisha ganda lake kama unalo. Nguvu ya kuvuta huja baada ya hayo yote.

Chukua uzi wa kusuka wa poliethilini, ule unaouzwa kwa majina kama Dyneema na Spectra au kwa herufi PE. Nyuzi zake ni nyembamba na zenye nguvu ya ajabu, kiasi kwamba uzi wenye kipenyo cha milimita 0.35 huweza kubeba karibu kilo 30, uzito ambao nailoni ya kawaida haiubebi mpaka ifikie takriban milimita 0.80. Kwenye kibandiko nyuzi hizo mbili zinalingana. Ukipiga hesabu ya eneo la mkato, hata hivyo, nailoni ile ina nyama zaidi ya mara tano. Ukingo wa gamba la chaza ukichimba milimita 0.1 tu, kwenye nailoni umekula sehemu moja ya nane ya kipenyo na samaki bado yuko mikononi mwako, ilhali kwenye uzi wa kusuka umeshapita robo, na nyuzi zilizobaki, zikiwa zimebanwa kwa mvuto uleule, hukatika moja baada ya nyingine kwa kasi. Ndiyo maana mvuvi aliyehama kutoka nailoni nene kwenda uzi mwembamba wa kusuka wenye kilo zilezile hushangaa kuona anapoteza ndoana nyingi kuliko zamani.

Kwa hiyo chagua milimita kwanza. Kwa changu na samaki wa ukubwa wa kati kwenye matumbawe yaliyotawanyika, kigwe cha milimita 0.50 hadi 0.60 kinatosha. Kwa chewa wakubwa, au kwa kungu wanaokaa katikati ya mizizi ya mikoko iliyojaa chaza, nisingeshuka chini ya 0.80, na pale ambapo samaki hawana woga ningefika milimita moja nzima. Jambo la kukumbuka ni kwamba kipenyo kikiongezeka mara mbili, nyama ya uzi huongezeka mara nne. Tofauti kati ya 0.40 na 0.80 ni kubwa kuliko macho yanavyoiona dukani.

Vibandiko vingine havitaji milimita. Vile vinavyotumia namba za Kijapani husomeka hivi: PE 2 ni kama milimita 0.235, PE 4 ni kama 0.33, na PE 8 ni kama 0.47. Vinavyotumia ratili havikusaidii kujua unene, ila ukitaka kilo, gawanya ratili kwa 2.2, ratili 50 ni karibu kilo 23. Pasipokuwa na maelezo yoyote, zungusha uzi mara 20 kwenye penseli, mizunguko igusane bila kupandana, upime upana wake kwa rula na kuugawanya kwa 20. Mizunguko ikichukua milimita 12, uzi ni wa milimita 0.6. Uzi uliosukwa kwa ulegevu utalala bapa na kuonekana mnene kuliko ulivyo, na hilo lenyewe ni onyo.

Msuko

Uzi wa kusuka huwa na nyuzi nne, nane, au zaidi. Ule wa nyuzi nane ni laini na wa mviringo, hupita bila kelele kwenye pete za fimbo, na kwa mshipi mkuu unapendeza sana. Kwa kigwe cha ndoana mambo hugeuka. Katika unene uleule, msuko wa nyuzi nne una nyuzi moja moja zilizo nene zaidi, na uzi mmoja mnene ukikwaruzwa huchelewa kukatika kuliko nyuzi mbili nyembamba zilizochukua nafasi yake. Kwa hiyo ule uzi mkavukavu wa bei nafuu, unaokwaruza vidole, mara nyingi ndio unaofaa zaidi mwambani.

Kilicho muhimu kuliko idadi ni kubana kwa msuko. Shika kipande cha sentimita tano kwa ncha zake mbili ukisukume kwa ndani. Uzi uliosukwa kwa ulegevu hufunguka katikati kama kitanga, ukaona mwanga kati ya nyuzi, na humo ndimo mchanga na vipande vya matumbawe vitakamoingia na kuusaga kutoka ndani. Uliosukwa kwa kubana hujikunja tu bila kufunguka. Kisha pitisha ukucha juu yake kwenda na kurudi mara kadhaa. Nywele zikianza kusimama kwa ukucha peke yake, jiwe halitauhurumia.

Wapo wanaotengeneza vigwe kwa uzi wa kufumia nyavu, ule wa nailoni unaouzwa kwa namba kama 210/12 au 210/18, ambapo namba ya pili ni idadi ya nyuzi ndogo zilizounganishwa. Uzi huo ni wa bei nzuri, unapatikana karibu kila soko la samaki, na nailoni yake huvumilia kusuguliwa. Kasoro yake ni kwamba umesokotwa, haukusukwa: samaki akijizungusha, msokoto hufunguka upande mmoja na kukaza upande mwingine, na kigwe huishia kujiviringa kwenye mshipi. Ukiutumia, weka kipete cha kuzunguka juu yake na ukifanye kigwe kiwe kifupi.

Kimetengenezwa kwa nini

Muuzaji hatajua kila mara anachouza, na maandishi kwenye gurudumu la uzi hayaaminiki daima. Kuna vipimo viwili vya nyumbani vinavyotosha. Kata kipande kifupi, kiloweshe kwa maji yenye sabuni kidogo na ukikamue kwa vidole ili hewa itoke, kisha kizamishe kwenye glasi ya maji baridi. Poliethilini huelea, kwa kuwa ni nyepesi kidogo kuliko maji. Nailoni, poliesta na aramidi huzama. Sabuni isipotumika, hata uzi mzito unaweza kubebwa na uso wa maji ukadhani unaelea. Kisha kisogeze kipande kingine karibu na mwali wa kiberiti. Poliethilini hujikunyata haraka na kuwa tone kama la nta, nailoni na poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu, na aramidi, ambayo watu wengi huijua kwa jina la Kevlar, haiyeyuki, bali hugeuka makaa tu.

Kila malighafi ina tabia yake. Poliethilini inateleza, kwa hiyo jiwe halipati pa kuishika kwa urahisi, wala hainyonyi maji. Udhaifu wake ni joto: huyeyuka kwenye nyuzi joto 145 hivi, na msuguano mkali wa ghafla, kama vile fundo linalokazwa likiwa kavu, unaweza kuiunguza bila wewe kuona. Nailoni huvumilia joto zaidi na hunyumbuka, lakini ikikaa majini hunyonya maji na kupoteza sehemu ya nguvu zake. Poliesta, ambayo wakongwe wa uvuvi wa mtelezo huiita Dakroni, ni nene kwa nguvu zake na huvumilia jua vizuri. Aramidi hushinda kwenye kukatwa na joto, na ndiyo maana hutumika kwenye vile vigwe vifupi vya ndoana za chambo cha chuma kinachorushwa wima kwenye kina kirefu, lakini jua la pwani huidhoofisha na kukunjwakunjwa mahali pamoja huichosha. Kigwe cha aramidi kilichoachwa juani ndani ya ngalawa msimu mzima kinaweza kuonekana kizima ilhali ndani kimeshakwisha.

Kwa kazi ya kawaida ya mwambani, chaguo langu ni poliethilini nene yenye nyuzi nne zilizobana, na kama bei inaruhusu, ile yenye ala: yaani kiini cha nyuzi zilizonyooka kikiwa kimevikwa msuko wa nje. Ala ikilika, kiini bado kinabeba uzito, na wewe unaona kwa macho kwamba wakati wa kubadilisha umefika.

Vigwe vyenye ganda

Kigwe kilichopakwa ganda la plastiki kilienezwa na wavuvi wa samaki aina ya kapu (carp) wa Ulaya, hasa Uingereza, ambao huvua kwenye maziwa yenye kokoto, kome wa maji baridi wenye makali, na miti iliyozama, kama lile bwawa la Saint-Cassien kusini mwa Ufaransa lililojazwa maji mwaka 1966. Wao walitaka uzi laini karibu na ndoana ili chambo kicheze, na uzi mgumu juu yake ili usijisokote na usikwaruzwe. Ganda hutimiza yote mawili: hubanduliwa kwa ukucha sentimita mbili au tatu za mwisho, na sehemu nyingine huachwa jinsi ilivyo.

Kwenye matumbawe ganda husaidia, maana ndilo linaloliwa kwanza kabla ya nyuzi kuguswa. Lakini pia huficha. Nyuzi za ndani zinaweza kuwa zimekatika nusu huku ganda likionekana limechubuka kidogo tu, hasa mahali lilipokunjika na kupasuka karibu na fundo. Jambo jingine ni kwamba kipenyo kilichoandikwa kwenye kigwe chenye ganda ni pamoja na ganda lenyewe, milimita 0.6 zake si milimita 0.6 za nyuzi.

Kulipima jiwe kabla ya jiwe kukupima

Unapokuwa na aina mbili au tatu za uzi na hujui ipi ununue kwa wingi, zipime. Tafuta kipande cha jiwe la matumbawe lililokwisha kufa, la aina ile iliyojengewa nyumba za zamani za pwani, lenye ukingo usiolainishwa na mawimbi. Usivunje matumbawe hai kwa ajili hii; na ndani ya hifadhi za bahari kama ile ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, kuna sehemu ambazo hata uvuvi wenyewe hauruhusiwi.

Liweke jiwe mezani, ukingo wake ukitokeza nje. Funga chupa ya lita moja iliyojaa maji, yaani uzito wa kilo moja, kwenye ncha ya uzi, upitishe uzi juu ya ukingo, kisha uuvute na kuurudisha kwa mwendo wa kama sentimita 20, ukihesabu mpaka ukatike. Uzi uwe umelowa maji ya chumvi muda wote, kwa sababu uzi mkavu hutoa majibu ya uongo. Rudia mara tano kwa kila aina, kila mara ukianza kwenye sehemu mpya ya ukingo iliyo kali kama ya kwanza, kwa kuwa uzi wa kwanza huulainisha ukingo na kuupendelea uzi wa pili. Fuatilia pia namna unavyokatika. Uzi mzuri hutoa manyoya polepole na kukuonya. Uzi mbaya hukaa umependeza, halafu ghafla chupa inaanguka. Kati ya nyuzi mbili zenye hesabu zinazokaribiana, chukua ule unaoonya.

Kipimo hiki hakikupi namba ya kumtangazia mtu mwingine, kwani jiwe lako si jiwe lake. Kinakupa mpangilio wa nyuzi zako mwenyewe, nao unatosha.

Kuoanisha kigwe na mshipi, ndoana na chubwi

Kigwe kinene kuliko inavyohitajika kinaweza kuleta hasara nyingine. Kama kigwe kina nguvu kuliko mshipi mkuu, ndoana ikinasa utakatika mshipi huko juu, na samaki ataondoka au atabaki kwenye jiwe akiwa amefungwa na mita nyingi za uzi. Kwa hiyo nguvu ya kuvuta ya kigwe, baada ya kutoa kile kinachopotea kwenye fundo, iwe chini kidogo ya ile ya mshipi. Poliethilini nene huvunja kanuni hii kwa urahisi, kwa sababu milimita 0.80 zake hubeba uzito mkubwa kuliko mshipi wowote wa kawaida wa mkono. Njia ya kutoka hapo ni kuutafuta udhaifu kwenye ndoana: tumia ndoana yenye waya wa wastani, ambayo ikinasa kwenye jiwe na ukavuta kwa nguvu ya kutosha hunyooka na kurudi kwako. Kwa chewa mkubwa, bila shaka, ndoana ya namna hiyo haifai, na hapo inabidi kukubali kwamba baadhi ya mitego itabaki chini.

Chubwi ndilo linalonasa mara nyingi kuliko ndoana. Lifunge kwa kipande cha nailoni hafifu, chini ya nusu ya nguvu ya mshipi, ili likinasa liachie peke yake na kigwe kibaki na samaki wake.

Urefu wa kigwe uwe mfupi: sentimita 20 hadi 30 kwenye mizizi na mapango, na hadi 50 mahali palipo wazi. Kigwe kirefu humpa samaki nafasi ya kugeuka na kuingia ndani kabla hujauhisi mvuto. Kigwe laini kinachoning'inia kando ya mshipi hujiviringa juu yake wakati wa kushuka; teremsha chubwi polepole, au chagua kigwe kigumu kidogo.

Kwa mvuvi wa mshipi wa mkono kuna onyo moja lisilo na mjadala. Uzi mwembamba wa poliethilini haukamatwi kwa mkono mtupu wala hauzungushwi kiganjani, kwa kuwa hukata nyama kama wembe. Mshipi wa mkononi uendelee kuwa nailoni nene; msuko ubaki kwenye kigwe. Na kigwe kikinasa, kizungushie kipande cha mti ndipo uvute.

Kuna samaki ambao hakuna kigwe cha kusuka kitakachowazuia. Nguru na mzia hukata kwa meno, bunju hukata kama mkasi, na kikande naye si haba. Mahali wanapotawala, tumia waya. Changu ni tofauti: meno yake ya nyuma ni ya kusaga magamba, na kigwe kinene humvumilia mradi ndoana isimezwe. Sangara wa ziwani hana meno ya kukata, lakini kinywa chake ni kama msasa na vifuniko vya mashavu yake vina makali, hivyo unene unaomfaa chewa unamfaa na yeye.

Mafundo na ukaguzi

Poliethilini inateleza, na fundo la kawaida la nailoni huweza kufunguka. Fundo ninalolipendekeza ni hili: kunja kigwe, pitisha mkunjo kwenye tundu la ndoana, funga fundo moja la kawaida kwa mkunjo huo bila kulikaza, pitisha ndoana nzima ndani ya kitanzi kilichobaki, lowesha kwa mate au maji, kisha vuta ncha zote mbili kwa pamoja taratibu. Kigwe kikiwa kinene hata mkunjo hauingii kwenye tundu, pitisha ncha moja tu, ilaze kando ya shina la ndoana, izungushie sehemu ndefu ya kigwe mara nane kuelekea kwenye mkunjo wa ndoana, halafu rudisha sehemu hiyo ndefu kwenye tundu kwa upande uleule ulioingilia mwanzo. Hata fundo zuri huweza kukipunguzia kigwe theluthi moja ya nguvu zake, na ndilo linalotakiwa kuingizwa kwenye hesabu tuliyoitaja hapo juu.

Kabla ya kufunga, kagua tundu la ndoana. Ndoana za bei rahisi huwa na mwanya pale waya ulipokutana, wenye ukingo unaokata nyuzi moja moja kila samaki anapotikisa kichwa. Pitisha kipande cha pamba ndani ya tundu. Kikiacha nyuzi, ndoana hiyo si ya kigwe cha kusuka.

Pamba hiyohiyo hutumika kukagua kigwe baharini. Baada ya kila samaki na kila mnaso, pitisha kigwe kwenye pamba au kwenye midomo yako kuanzia fundo kwenda juu. Manyoya machache yaliyosimama kwa urefu mzima ni uchakavu wa kawaida. Sehemu moja iliyopungua unene, iliyolainika kupita nyingine, au yenye uzi mmoja uliokatika kabisa, humaanisha kigwe kikatwe papo hapo. Kama uharibifu uko kwenye sentimita tatu za mwisho, fupisha na ufunge upya. Vigwe vya akiba vifungwe nyumbani, vikunjwe kwenye kipande cha kandambili na kuwekwa kivulini, na baada ya uvuvi visuuzwe kwa maji baridi ili chumvi isikaukie ndani ya msuko. Vilivyokatwa virudi nchi kavu na mvuvi, kwani poliethilini huelea na haiozi.